Ramani za Reli na Watu wa Mtangawanda

Msafiri atokaye Lamu kwenda mji wa Pate hushuka Mtangawanda. Mashua hupita Mkanda, mlango mwembamba ulio kati ya kisiwa cha Manda na bara, ambao maji yakipwa ni taabu kupitika. Tangu kale bahari ndiyo njia kuu ya watu wa huko.

Tukiitazama ramani ya zamani ya Reli ya Uganda, twaona mstari mweusi ukianzia Mombasa, ukipita Voi na Nairobi mpaka Kisumu. Kazi ya kuitandika ilianza mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, na ziwani mwezi wa Desemba 1901. Lakini pwani ya kaskazini, toka Mombasa hadi Lamu, haina mstari wowote.

Si reli iliyoishusha Pate. Vita vya zamani vilikwisha kuidhoofisha. Ila reli ndiyo iliyoamua pwani ikue wapi. Pamba, kahawa na chai za bara zilifuata njia ya chuma hadi Kilindini, na makarani, mafundi na wafanya biashara wakafuata shehena. Mombasa ikapanuka, Lamu ikabaki na boriti, nazi na samaki wake.

Mwaka 2012 ilitolewa ramani nyingine. Tarehe 2 Machi ulizinduliwa mradi wa bandari mpya ya Lamu katika Ghuba ya Manda, na ramani yake ikaonyesha reli itokayo Lamu kwenda Isiolo, na toka huko mpaka Sudani Kusini na Ethiopia. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, lakini reli yenyewe haijajengwa. Hasara, hata hivyo, haikungoja gari la moshi: mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76, kwa kuwa ujenzi wa bandari uliharibu mahali pao pa kuvulia.

Basi, msomaji, ukionyeshwa ramani ya reli, tazama kwanza maelezo ya alama zake. Njia iliyokwisha kujengwa huchorwa kwa namna moja, na ile inayokusudiwa kwa namna nyingine. Mwenye shamba asiliuze kwa haraka kwa ajili ya mstari wa nukta, wala mvuvi asikubali kuhama kabla ya kuandikiwa haki yake. Wino hukauka kwa siku moja; chuma huchukua miaka.