Mizani ya Kliniki na Mizani ya Shairi: Uhakiki wa Kadi Moja ya Kasulu

Tukiingia mwaka wa kwanza katika somo la fasihi, la kwanza tunalofundishwa ni kuigawa kazi katika fani na maudhui, na la pili ni kwamba viwili hivyo kwa kweli havigawanyiki. Hilo tunaliandika kwenye mitihani hadi tunahitimu. Makala haya yanakusudia kulijaribu fundisho hilo mahali ambapo wahakiki hatuendi, yaani kwenye grafu. Grafu yenyewe sikuitoa kwenye ripoti ya wataalamu. Ni kadi ya kliniki ya mdogo wangu, aliyezaliwa mwaka 2006, ambayo imekaa miaka yote ndani ya mfuko wa nailoni chini ya sanduku la mama, kijijini kwetu wilayani Kasulu.

Wapo watakaouliza: kadi ya kliniki nayo ni fasihi? Si fasihi. Lakini ni matini. Ina mtunzi, ina msomaji aliyelengwa, ina kanuni zake za utunzi, na ikisomwa vibaya anayeumia ni mtoto.

Hebu tuitazame. Ni karatasi ngumu ya kukunja. Ndani yake miezi inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, na kilo zinapanda kutoka chini kwenda juu. Mtoto akishapimwa, nesi anaweka nukta pale mwezi na kilo vinapokutana, kisha anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Nyuma ya nukta hizo kuna rangi tatu: juu kijani, katikati kijivu, chini nyekundu. Kijani maana yake mtoto ana asilimia 80 au zaidi ya uzito unaotarajiwa kwa umri wake. Kijivu ni kati ya 60 na 80. Nyekundu ni chini ya 60. Rangi hizo zilitumika nchini kwa miaka mingi, na ndizo zilizotumika katika mradi wa lishe wa Iringa ulioanza mwaka 1983, ambako watoto walipimwa kijijini na matokeo yakajadiliwa na wanakijiji wenyewe.

Asili ya kadi za namna hii ni kazi ya daktari Mwingereza, David Morley, aliyehudumu katika kijiji cha Imesi-Ile, Naijeria, kwenye miaka ya 1950. Morley aliamua mambo mawili ambayo mimi nayaona ni ya kiutunzi kabisa. Kwanza, kadi akae nayo mama, isifungiwe kabatini zahanati. Hapo amemchagua msomaji wake. Pili, kinachosomwa hasa ni mwelekeo wa mstari: unapanda, umelala, au unashuka. Mtoto mdogo wa mwili ambaye mstari wake unapanda anaendelea vizuri. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala ana tatizo, hata kama kwa macho anapendeza. Mama asiyejua kusoma herufi hata moja anaweza kuusoma mlima na bonde, na kwetu Kasulu milima si jambo la kufundishwa darasani.

Kumbe basi katika kadi hii kuna lugha mbili. Iko lugha ya mstari na iko lugha ya rangi. Mfaransa Jacques Bertin, aliyeandika juu ya semiotiki ya michoro mwaka 1967, alieleza kuwa kila alama ya mchoro, iwe mahali ilipowekwa, ukubwa, rangi au umbo, ina kazi inayoiweza na kazi isiyoiweza. Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Cleveland na McGill, walilipima jambo hilo kwa majaribio, wakaona kwamba jicho hukadiria kiasi kwa usahihi zaidi likilinganisha mahali nukta zilipo kwenye kipimo kimoja kuliko likilinganisha ukubwa wa maeneo au ukolevu wa rangi. Rangi ni hodari wa kutenga makundi: huyu wa huku, yule wa kule. Kueleza mwendo haiwezi.

Sasa tusome kadi ya mdogo wangu. Miezi saba ya kwanza mstari unapanda vizuri hadi kilo 8. Mwezi wa nane, kilo 8. Wa tisa, kilo 8. Wa kumi, kilo 8. Mstari umelala kama mkeka. Lakini umelala ndani ya kijani! Mama anasimulia kwamba kila mwezi aliambiwa neno lile lile: "Yuko kijani, mama. Rudi mwezi ujao." Akarudi. Mwezi wa kumi na mbili nukta imeanguka kwenye kijivu, ndipo maswali yakaanza: anakula nini, anakula mara ngapi, ameharisha lini. Maswali hayo yalistahili kuulizwa tangu mwezi wa tisa. Tayari mstari ulikuwa umekwishasema; rangi ndiyo iliyounyamazisha.

Simlaumu nesi yule, na zahanati yenyewe siitaji. Nimejiuliza kwa nini msomaji aliyefunzwa aisome rangi na kuuacha mstari, na jibu nadhani liko kwenye msomaji wa pili wa kadi hii, ambaye ni ofisi. Katika vitabu vya MTUHA, ule mfumo wa taarifa za huduma za afya ulioenea nchini kwenye miaka ya 1990, watoto waliopimwa walihesabiwa kwa makundi yale yale ya asilimia: wangapi juu ya 80, wangapi kati, wangapi chini ya 60. Rangi inahesabika, inajumlishwa, inapelekwa wilayani. Mstari uliolala hauna safu ya kuandikiwa. Basi nesi mwenye foleni ya akina mama hamsini anasoma kile atakachoulizwa. Kwa lugha ya kihakiki, matini moja ilikuwa na wasomaji lengwa wawili, na mwenye nguvu ndiye aliyeamua maana.

Hapa ndipo neno mizani linaponichekesha. Kliniki kuna mizani, ile ya kuning'iniza na suruali yake, mtoto akilia. Kwenye ushairi kuna mizani pia. Sote tumekutana na shairi ambalo mizani yake imetimia, vina vimekaa, na wazo limesimama pale pale tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukihesabu, halina kosa. Shairi hilo liko kijani.

Kuna jambo jingine kadi ile isingeweza kulisema hata ikisomwa vizuri. Ilipima uzito kwa umri, urefu haukuwemo. Kumbe tatizo kubwa la nchi yetu ni udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 uliukuta kwa asilimia 34 ya watoto walio chini ya miaka mitano, na ule wa 2022 kwa asilimia 30. Mtoto mfupi aliyejaa kidogo kwa uji na mihogo anaweza kukaa kijani miaka yote. Viwango vipya vya ukuaji vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2006, vilivyotokana na watoto wa nchi sita zikiwemo Ghana na Omani, vinaweka urefu pia, na wavulana mbali na wasichana. Kinachoachwa nje ya mchoro nacho ni uamuzi wa mtunzi, sawa na mhusika ambaye riwaya haimpi neno la kusema.

Nje ya mkoa, hata hivyo, Kasulu na Kibondo hazijulikani kwa kadi hizi. Zinajulikana kwa grafu za wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu, Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi walipomiminika, ikapita watu 150,000 kutoka kama 60,000, na Nduta, Kibondo, ikafunguliwa upya. Tuchore mihimili miwili ya Nyarugusu. Mstari wa chini ukianzia sifuri, mhimili wa pili utakuwa mara mbili na nusu ya wa kwanza, na huo ndio ukweli, tena ni mzito wa kutosha. Ukianzia 50,000, mhimili wa pili utakuwa mara kumi ya wa kwanza. Hakuna tarakimu iliyoghushiwa, na bado mtu aliyeko Dodoma au Geneva ataona gharika. Ukichora miduara badala ya mihimili, ukaizidisha vipenyo kwa mbili na nusu, eneo litazidi mara sita na robo. Mhimili husomwa kwa urefu wake, kwa hiyo lazima uanzie sifuri. Mstari wa kadi ya kliniki haulazimiki, kwa sababu wenyewe husomwa kwa mteremko.

Katika kambi hizo hizo mchoro ulionivutia kuliko yote ni utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano inashuka hadi 11.5, chini ya hapo ni nyekundu. Hapa rangi inafanya kazi inayoiweza: swali ni moja, apelekwe leo au asipelekwe, na anayesoma anaweza kuwa mama wa Kirundi au wa Kiha bila mkalimani. Utepe hausimulii jana ya mtoto, wala haukuahidi kusimulia.

Mdogo wangu alipona. Sasa ni kijana anayenizidi kimo. Ila mama hakusahau. Likizo iliyopita nilimwona akiangalia kadi ya mtoto wa dada yangu. Aliifunika kwa kiganja, rangi zote zikapotea, akabakiza nukta tatu za mwisho kati ya vidole, akamsogezea dada: "Hizi tatu. Zinapanda?"