Mgeni alipa kuliko anavyotibiwa: hesabu za bima ya afya Korea Kusini

Mwishoni mwa Januari 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa rais, mgombea Yoon Suk Yeol aliwaahidi Wakorea kwamba angekomesha tabia ya wageni kukaa na kijiko tu kwenye meza iliyoandaliwa na wananchi. Meza aliyoikusudia ilikuwa bima ya afya ya taifa, na ushahidi wake ulikuwa wageni walioandikisha jamaa hadi kumi kuwa wategemezi wao. Kauli ya namna hiyo hupata wasikilizaji kila nchi, kwa kuwa hakuna anayependa kumlipia asiyemjua. Lakini vitabu vya mfuko wenyewe vinasema vingine. Mwaka 2023 wakaazi wa kigeni walichanga takriban won bilioni 740 zaidi ya gharama za matibabu yao. Ziada ya mfuko mzima mwaka huo ilikuwa kama won trilioni 4.1, kwa hiyo fedha zilizobaki kutokana na michango ya wageni zinafikia zaidi ya sudusi ya kiasi hicho, ilhali wageni waliomo kwenye bima ni milioni 1.4 na ushei katika nchi ya watu zaidi ya milioni 51. Ukizitazama tarakimu hizi, suali la kama mgeni anastahili fao linakuwa jepesi. Gumu ni kwa nini anatozwa kwa masharti makali kuliko mwenyeji.

Ziada hiyo haikuja kwa bahati. Bima ya Korea Kusini ilianza mwaka 1977 kwa kampuni kubwa zenye wafanyakazi 500 na zaidi, ikawafikia wananchi wote mwaka 1989, na mwaka 2000 mifuko mingi ikaunganishwa kuwa mmoja. Kwa mgeni asiye na mwajiri anayemkata mchango, kujiunga kulibaki hiari kwa miaka mingi: akikaa miezi mitatu, angeweza kuingia. Hapo ndipo palipokuwa na tundu la kweli, kwani mzima alikaa nje na mgonjwa akaingia. Tarehe 16 Julai 2019 serikali iliziba tundu hilo kwa kufanya bima kuwa lazima kwa anayekaa miezi sita au zaidi, na mwaka 2021 wanafunzi wa kigeni nao wakaingizwa. Waliokuwa nje wakiwa wazima sasa wanalipa. Miongoni mwa wachangiaji wa kigeni wamo vijana wa Nepal, Cambodia, Vietnam na Indonesia waliokuja chini ya mpango wa vibali vya kazi ulioanza mwaka 2004, ambao kibali chao huanza na miaka mitatu na kinaweza kufika miaka minne na miezi kumi. Mwili wa umri wa miaka 28 hauna gharama kubwa hospitalini, na wengi watakuwa wamerudi kwao kabla ya magoti na moyo kuanza kusumbua. (Mchango wa mwajiriwa mwaka 2024 ulikuwa asilimia 7.09 ya mshahara, nusu yake ikilipwa na mwajiri. Msomaji wa Kenya anayekatwa asilimia 2.75 bila mwajiri kuongeza hata senti ataona tofauti ya mpangilio.)

Pingamizi lenye uzito linahusu Wachina. Ni kweli kwamba mwaka 2019 matibabu ya wachangiaji kutoka China yalizidi michango yao kwa karibu won bilioni 99. Lakini nakisi hiyo ilipungua sana miaka iliyofuata, na kufikia 2024 ikageuka kuwa ziada ndogo. Hata nakisi ya bilioni 64 iliyotajwa sana kwa mwaka 2023 ilirekebishwa baadaye na mamlaka ya bima yenyewe, ikawa chini ya bilioni tatu. Kosa la hesabu lilikuwa limeshazunguka kwenye mijadala ya siasa. Isitoshe, sehemu kubwa ya wakaazi hawa ni watu wa asili ya Kikorea kutoka kaskazini-mashariki mwa China, waliohamia wakiwa na umri mkubwa na familia zao. Mzee wa miaka 65 anatibiwa sana, awe na pasipoti ya Beijing au ya Seoul. Mtaalamu wa bima hupanga watu kwa umri na ajira. Kuwapanga kwa taifa ni kazi ya mwanasiasa.

Suala la wategemezi lilihitaji kurekebishwa, na lilirekebishwa. Tangu Aprili 2024, mzazi au ndugu wa mgeni hawezi kuandikwa kuwa mtegemezi mpaka akae nchini miezi sita, isipokuwa mwenzi wa ndoa na watoto wadogo. Naliona sharti hilo kuwa la haki: linamzuia anayeshuka uwanja wa ndege akielekea moja kwa moja chumba cha upasuaji, na halimwachi mtoto nje.

Siwezi kusema hivyo kuhusu namna ya kutoza. Kwa kawaida, mgeni asiye kwenye bima ya mwajiri hutozwa angalau wastani wa mchango wa wachangiaji wote, hata kipato chake kiwe cha chini. Mchukue kibarua wa shamba la mboga ambalo halijasajiliwa kama biashara. Kwa kima cha chini cha mwaka 2024, won 9,860 kwa saa, mshahara wa mwezi ni kama won milioni 2.06. Angekuwa kiwandani, sehemu yake ya mchango ingekuwa won 73,000 hivi. Shambani alidaiwa karibu 150,000, na hata punguzo la vijijini halimfikishi kwenye kiwango cha mwenzake. Mzazi anayeishi naye hahesabiwi katika kaya yake, hulipa peke yake. Mgeni alipochelewa kulipa, mafao ya matibabu yalisitishwa mwezi uliofuata, wakati mwananchi alivumiliwa hadi malimbikizo ya miezi sita. Septemba 2023 Mahakama ya Katiba iliona usitishaji huo wa papo kwa papo haupatani na katiba, na bunge likapewa muda hadi katikati ya 2025 kubadili sheria, ingawa mahakama iliuacha mchango wa wastani usimame.

Watetezi wa wastani husema kipato na mali ya mgeni nje ya nchi haviwezi kukaguliwa. Kwa mfanyabiashara tajiri hoja hiyo ina nguvu, lakini kwa kibarua ambaye serikali yenyewe ilimpa kibali, ikamuunganisha na mwajiri na kuujua mshahara wake, haina. Wengine wanahofu kwamba ziada ya leo ni ya muda, kwani wageni nao watazeeka. Watakaobaki, ndiyo. Lakini mwaka 2023 Korea ilikuwa na wastani wa watoto 0.72 kwa mwanamke, na kufikia Desemba 2024 waliotimiza miaka 65 walipita asilimia 20 ya watu wote, kwa hiyo uzee unaolemea mfuko kwa sasa ni wa wenyeji. Mwaka 2024 ziada ya mfuko mzima ilishuka hadi takriban won trilioni 1.7. Ya wageni ilipanda na kupita bilioni 940.