Laini Saba: Hapo Hakuna Saba, na Reli Haihusiki

Uliza msee yeyote wa Kibich kwa nini Laini Saba inaitwa Laini Saba. Wa kwanza atakushow ni juu ya treni, ati kulikuwa na laini saba za reli. Wa pili atasema ploti zilipangwa kwa laini saba. Wa tatu atakuuliza wewe ni nani na unataka nini. Mimi nilikuwa timu reli miaka mob sana, na reli yenyewe ni moja tu, unaihesabu ukiwa umelala.

Sasa enda Makina, tafuta wazee wa Kinubi, uulize swali hilo hilo. Watakwambia hapo hakujawahi kuwa na saba yoyote. Ilikuwa Laini Shabaa, yaani laini ya shabaha, mahali wanajeshi wa King's African Rifles walikuwa wakipiga risasi kwa mazoezi. Watu waliokuja baadaye wakaskia "shabaa", wakatamka "saba", basi ikabaki hivyo. Ni kama venye jina lako huharibiwa na mwalimu siku ya kwanza shule na unabeba hiyo lawama mpaka fomu foo.

Ukichukulia hiyo kama stori ya jina tu, utakosa kitu. Ndani ya hilo jina kuna jibu la swali ambalo kila tenant wa Kibich amewahi kujiuliza: hii shamba ni ya nani?

Wacha kwanza nikuweke kwa ramani. Kutoka tao mpaka Kibra ni kama kilomita 5 hivi, upande wa kusini magharibi. Juu kuna reli, ile ile ya wakoloni iliyopita ikielekea Dagoretti, Kikuyu na mpaka Uganda. Kutoka hapo kwa reli ardhi inateremka, inateremka, mpaka chini kwa mto na Nairobi Dam. Laini Saba iko upande wa mashariki wa hiyo mteremko, imebanwa na Mashimoni, Lindi, Silanga na Soweto East. Maji ya hapo chini ni Mto Motoine, unaotoka upande wa Dagoretti, unapita Jamhuri, unaingia dam, halafu unatokea upande ule mwingine ukiitwa Ngong River na kwenda zake Industrial Area. Huwezi amini lakini hiyo dam watu walikuwa wanaendesha mashua za matanga. Kulikuwa na klabu kabisa. Saa hii ni magugu maji na takataka, na mvua kubwa ikinyesha wasee wa Silanga ndio hulala macho.

Ukiangalia ule mteremko unaelewa kwa nini mwanajeshi angepapenda. Wakati huo hakukuwa na keja hata moja ya mabati. Ilikuwa msitu, na hapo ndipo jina Kibra linatoka: kwa Kinubi ni msitu.

Hawa Wanubi walikuwa askari kutoka Sudan. Wengi walikuwa jeshi la Emin Pasha huko Equatoria, na 1891 Lugard akawachukua karibu na Ziwa Albert kuwapigania Waingereza Uganda. KAR ilipoundwa 1902 walikuwa ndani tayari. Sasa askari akizeeka utampeleka wapi? Kumrudisha Sudan ni gharama, na kwa "reserve" ya kabila fulani hapa Kenya haingii, juu wazungu walikuwa wamegawa nchi kwa makabila na yeye hana lake. Kuanzia 1904 wakaanza kuwekwa Kibra. Mwaka wa 1918 serikali ikatangaza rasmi kwamba hiyo ni ardhi ya jeshi: eka 4,197. Hiyo ni kama kilomita mraba 17. Shika hiyo namba, tutairudia.

Majirani wa Laini Saba pia wana majina ya jeshi. Kambi Muru ni Wamoru wa Sudan Kusini. Kulikuwa na Kambi Aluru na Kambi Lendu, na hao ni watu wa kule mpakani mwa Uganda na Kongo. Kumbe "Wanubi" walikuwa mchanganyiko wa makabila kibao walioungana kwa jeshi, kwa dini na kwa lugha moja iliyotokana na Kiarabu. Yaani kabla Sheng izaliwe, Kibra ilikuwa tayari na lugha yake ya kuchanganya. Na kwa wale wa keg na sherehe: hii chang'aa, wakoloni waliita "Nubian gin". Mnajua sasa.

Hapa ndio shida ilianzia. Askari alipewa pasi ya kukaa na kulima, lakini hakupewa taitodidi. Mwaka wa 1928 jeshi likaachia Kibra kwa serikali ya raia, na hao wa raia walitaka Wanubi watolewe, maana mahali pako karibu na tao na wazungu wanakaa hapo jirani. Miaka ya 1930 ikaja Tume ya Ardhi ya Carter, ikasema hawa ni wapangaji tu kwa hiari ya serikali ya Uingereza, ingawa ikakubali kwamba wakihamishwa lazima wafidiwe. Watu wamekaa miaka 30, wamezika wazazi wao hapo, na wanaambiwa ni wapangaji. Nani angekubali?

Uhuru ulipokuja 1963 hiyo karatasi haikubadilika, ilibadilisha mwenyewe tu. Ardhi ya serikali ya Uingereza ikawa ardhi ya serikali ya Kenya. Watu wakaanza kumiminika kutoka ocha kutafuta job, na Kibra ndio ilikuwa karibu na tao na Industrial Area. Chifu anakupea ruhusa, unajenga vyumba vya udongo na mabati futi 10 kwa 10, unaanza kukusanya rent. Ndiyo maana mpaka leo landi wa Laini Saba ana nyumba lakini hana ardhi. Ukuta ni wake, paa ni lake, udongo ulio chini ya kitanda chako ni wa serikali. Na ndiyo maana pia hakuna mtu wa kujenga kitu cha maana: utaweka mawe ya kudumu aje kwa mahali unaweza kubomolewa kesho?

Huku hizo eka zinapungua. Serikali ikakata ikajenga Jamhuri, Ngei, Ayany, Olympic, Fort Jesus na zingine. Kama unakaa mojawapo ya hizo na unasema "mimi sitoki Kibera", buda, ulizia babu wa Kinubi. Kibera ya vijiji vyenyewe saa hii ni kama kilomita mraba 2 na nusu.

Na watu je? Kila mzungu akija na kamera utaskia milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 hivi. Bado ni wengi kwa hiyo nafasi, lakini si milioni. Mwaka huo huo wa 2009 vijana wa mtaa walizunguka na GPS kwa mradi wa Map Kibera wakachora vichochoro, vyoo na shule, juu kwa ramani nyingi za serikali hapo palikuwa pameachwa kama msitu. Miaka mia imepita na kwa karatasi bado ilikuwa Kibra ya miti.

Wanubi walipeleka kesi mbali. Mwaka wa 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewanyima watoto wa Kinubi uraia wao, na 2015 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu nayo ikawapa ushindi, ardhi ikiwemo. Juni 2017 Uhuru Kenyatta akawapa taitodidi ya jamii. Eka 288.

Toa kikokotoo. 288 kwa 4,197 ni kama asilimia 7. Saba! Basi Laini Saba hatimaye imepata saba yake, ingawa si hiyo walikuwa wanaitisha.

Mwaka mmoja tu baadaye, Julai 2018, tingatinga ziliingia Kibra kufungua barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu kama 30,000 walibaki bila keja, na shule zilienda na nyumba. Barabara yenyewe nimepita, ni laini kweli, dakika chache uko ng'ambo. Wale walikuwa wanalipa rent hapo hawakuwa na karatasi ya kuonyesha mtu yeyote, na landi wao hakuwa nayo pia.

Next time uko kwa ile treni ya jioni ikipita Kibera, angalia chini upande wa kushoto ukitoka tao. Pale mabati yanateremka kuelekea dam ndipo askari walikuwa wakilala kifudifudi na bunduki, wakilenga shabaha.