Si kila anayesikia sauti ni mgonjwa wa akili

MTU mzima, mwenye akili timamu, anayelima shamba lake na kulea watoto wake katika Kata ya Ikinga wilayani Ileje, mkoani Songwe, anaweza usiku mmoja kusikia akiitwa kwa jina lake, akatoka nje na asimkute mtu. Akilieleza jambo hilo asubuhi, huenda akaambiwa amerogwa, au akaanza kutazamwa kama mtu anayeelekea kwenye kichaa.

Kauli zote mbili zina madhara. Ya kwanza huzusha uhasama baina ya ndugu na majirani, ya pili humfanya mhusika anyamaze. Anyamazapo, hata pale ambapo kweli ugonjwa unaanza, hakuna atakayejua mapema.

Swali ambalo watafiti wamelishughulikia kwa miaka mingi ni hili: je, kusikia sauti isiyokuwepo ni ugonjwa? Jibu walilolipata ni kwamba mara nyingi si ugonjwa, ingawa mara nyingine ni dalili isiyopaswa kupuuzwa.

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliohusisha watu 31,261 katika nchi 18. Asilimia 5.2 kati yao walisema kuwa katika maisha yao waliwahi kuona au kusikia vitu ambavyo wengine hawakuviona wala kuvisikia, yaani maruweruwe. Wengi walipatwa na hali hiyo mara chache tu. Kwa upande mwingine, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria mwaka 2022 kuwa ugonjwa wa skizofrenia humpata takriban mtu mmoja kati ya 300. Ni dhahiri kwamba wanaosikia sauti ni wengi kuliko wagonjwa.

Hapa nchini, utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2010 uliwahoji watu 899 wenye umri wa miaka 15 hadi 59. Asilimia 3.9 walikuwa na angalau dalili moja ya saikosisi, yaani hali ya mtu kushindwa kutofautisha kilichopo na kisichokuwepo, katika mwaka uliotangulia. Dalili hizo zilionekana zaidi kwa waliokumbwa na misukosuko miwili au zaidi ya maisha, wenye sonona au wasiwasi, na waliovuta bangi katika mwaka huo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2012, ulifanyika vijijini katika eneo la Maseno, magharibi mwa Kenya, ambako wananchi wengi ni wakulima kama wa Ikinga. Asilimia 8 ya watu wazima walikuwa na dalili moja, lakini waliokuwa na dalili mbili walikuwa asilimia 0.6 tu, na hakuna aliyekuwa na tatu. Kwa maneno mengine, dalili moja peke yake ni jambo la kawaida, bali mkusanyiko wa dalili ni nadra na ndio unaotia shaka.

Sauti hutoka wapi?

Sikio hupokea mtikisiko wa hewa tu. Kazi ya kuamua kwamba mtikisiko huo ni neno, wimbo au mlio wa gari hufanywa na ubongo, na ubongo haungoji kusikia kila kitu. Hukisia kwa kutumia yale unayoyajua na unayoyatarajia. Ndiyo maana mama anayemngoja mtoto aliyechelewa kurudi anaweza kusikia hodi katika kishindo cha mvua juu ya bati, na mfiwa akasikia kikohozi cha marehemu aliyeishi naye miaka mingi.

Jambo hilo limejaribiwa na wataalamu. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2001, wanafunzi 44 wa chuo kikuu walisikilizishwa mvumo mtupu, mfano wa redio isiyoshika stesheni, wakaombwa wabonyeze kitufe endapo wangesikia wimbo wa Krismasi uliotajwa kwao. Wimbo huo haukupigwa kabisa, lakini wanafunzi 14 walibonyeza kitufe angalau mara moja.

Mwaka 2017, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walikwenda mbali zaidi. Waliwazoesha watu kuona picha na papo hapo kusikia mlio hafifu, kisha wakaonyesha picha bila mlio. Waliozoea kusikia sauti maishani mwao, wawe wagonjwa au wazima, walisema wameusikia mlio huo mara nyingi kuliko wengine. Tofauti ilikuwa kwamba wenye saikosisi waliona ugumu zaidi kurekebisha imani yao hali ilipobadilika.

Hapo ndipo ulipo mpaka. Mtu mzima husikia, hushangaa, huchunguza, kisha hukubali kwamba hapakuwa na mtu. Mgonjwa hushikilia alichokisikia, akakijengea maelezo na kuanza kuishi kwa kukifuata.

Lini twende hospitali?

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ndugu wa karibu wanapaswa kuwa makini iwapo sauti zinajirudia kila mara, zinatisha, zinamtukana mhusika au kumwamuru ajidhuru au awadhuru wengine. Vivyo hivyo iwapo ameacha kulala, kuoga au kufanya kazi, amejitenga, au anaamini bila sababu kwamba watu wanamfuatilia. Kijana anayebadilika hivyo aangaliwe kwa haraka zaidi, kwa kuwa skizofrenia huanza mara nyingi mwishoni mwa ujana au katika miaka ya ishirini.

Aidha, ikumbukwe kwamba mtu anayeanza ghafla kuweweseka huku akiwa na homa anaweza kuwa na malaria kali, ambayo huua kwa muda mfupi. Huyo asipelekwe kwingine kwanza, bali akimbizwe hospitali. Pombe, hasa mtu aliyezoea kunywa sana anapoiacha ghafla, kifafa, na usikivu hafifu wa wazee pia huweza kuleta sauti zisizokuwepo.

Kwa mkazi wa Ikinga, safari huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ambako mganga anaweza kumpima na kumwelekeza hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Hospitali ya Mirembe iliyoko Dodoma hupokea wagonjwa wanaohitaji huduma kubwa zaidi. Dawa zipo, na anayeanza matibabu mapema ana nafasi nzuri zaidi ya kurejea katika kazi na familia yake.

Kumfunga kamba au kumfungia ndani hakumponyi mtu. Kinachomsaidia ni kuwa na ndugu atakayemuuliza kwa upole sauti hizo zinasema nini, tangu lini, na kama zinamtisha, kisha akamsikiliza bila kumcheka. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoonyesha kama inatosha kumtuliza na kumwacha apumzike, au kama inafaa asubuhi aandamane naye hadi zahanati.