Kanairo ni jiji la mito: Sikiza majina kabla hujalipa kodi ya nyumba

MUULIZE kijana yeyote wa Nairobi kinachotambulisha jiji lake. Atakutajia matatu zenye michoro, msongamano wa magari na jumba la KICC. Ni wachache watakaotaja mto. Wengi wetu tunauvuka kila siku tukiwa tumefunga dirisha la matatu kwa sababu ya uvundo.

Ilhali mto ndio uliotupa jina. Wamaasai waliokuwa wakinywesha mifugo wao hapa walipaita Enkare Nairobi, yaani maji baridi. Jina Ngong nalo linahusishwa na maneno ya Kimaasai yenye maana ya chemchemi ya kifaru. Mto Nairobi huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, mjini Kikuyu, ambako ardhi hutikisika ukiikanyaga kwa kuwa mimea yake imeelea juu ya maji. Ukishuka jijini hukutana na mito Mathare na Ngong, kisha maji yote huishia katika Mto Athi.

Kwa ufupi, wenyeji walijua hapa ni kwa maji. Waliokuja baadaye ndio walioamua kujenga juu yake.

Reli kinamasini

Reli kutoka Mombasa ilifika hapa Mei 1899. Wahandisi walipendezwa na uwanda huu kwa sababu ulikuwa tambarare, una maji, na ulikuwa kituo kizuri kabla ya kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Shida ni kwamba sehemu kubwa ilikuwa kinamasi chenye udongo mweusi unaonata. Mvua ikinyesha, mji uligeuka matope.

Mnamo 1902 tauni ilizuka na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto ili kuzuia maradhi yasienee. Madaktari wa serikali ya kikoloni walishauri mji uhamishiwe mahali palipoinuka. Hawakusikizwa. Karakana za reli na maduka vilikuwa vishajengwa, na kubomoa ni gharama. Mnamo 1905 makao makuu ya utawala yakahamishwa kutoka Mombasa hadi papo hapo penye matope, na 1950 Nairobi ikatangazwa kuwa jiji.

Wazungu waliofaidi ardhi hiyo wameacha alama. Mafundi wa magari wa Kirinyaga Road, kandokando ya mto, bado wanaita eneo lao Grogan, jina la Ewart Grogan, mlowezi aliyesifika kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo.

Mwenye mto

Masimulizi ya wazee nayo yana lake la kusema. Wakikuyu husimulia habari za Mugo wa Kibiro, mtabiri aliyesema nyoka wa chuma anayetema moto atapita nchini kutoka upande wa bahari. Wengi wanaamini alikuwa akiizungumzia reli.

Kuna pia Ndamathia, joka la ajabu lililoaminiwa kuishi majini. Inasimuliwa kwamba wakati wa ituika, sherehe ya rika moja kukabidhi jingine uongozi, wazee walikwenda mtoni kuliita joka hilo na kung'oa nywele za mkiani mwake. Unaweza kucheka. Lakini mtoto aliyelelewa na hadithi hiyo alijua jambo moja: mto una mwenyewe, na huwezi kuuendea ovyo ovyo.

Marehemu Profesa Wangari Maathai aliandika kwamba mamake alimkataza kuokota kuni za mugumo kwa sababu ni mti wa Mungu. Alipokuwa msomi, alitambua kuwa mizizi ya mti huo hushikilia udongo na kusaidia maji kutoka ardhini. Mugumo aliouzoea kijijini kwao Nyeri ulipokatwa, kijito alichochezea utotoni kikakauka. Mwiko wa mamake ulikuwa elimu ya mazingira.

Maji yalirudi kwao

Hayo yana uhusiano gani nawe unayetafuta keja ya bei nafuu? Kumbuka masika ya 2024. Zaidi ya watu 200 walifariki kote nchini kutokana na mafuriko. Jijini, mto ulijaa usiku na kuingia nyumbani mwa watu Mathare. Serikali iliamuru waliokuwa kandokando ya mito wahame, kisha tingatinga zikaingia. Waliokuwa wamelipa kodi walijikuta wamepoteza nyumba mara mbili: kwa maji, halafu kwa mashine. Mwenye ploti aliyejenga pale hakuonekana.

Si mitaa ya mabanda tu. Mitaa ya watu wenye uwezo pia imejengwa karibu na mito, na nayo hufurika. Tofauti ni kwamba mwenye gari na akiba benki ana pa kukimbilia.

Tena mto unaweza kututendea mema. Bwawa la Nairobi, lililojengwa miaka ya 1950 katika Mto Ngong, lilikuwa na klabu ya mashua za tanga kabla magugu na takataka hazijalifunika. Ndani ya Karura, msitu ambao Maathai aliupigania usinyakuliwe, vijana hupiga picha penye maporomoko ya maji.

Kwa hivyo, kabla hujatoa deposti, uliza mtaa huo uliitwaje zamani na kwa nini. Zungumza na mama mboga aliyekaa pale miaka ishirini. Yeye atakuambia maji hufika wapi. Tazama ukutani kama kuna mstari wa matope. Ukiona matete yameota nyuma ya ploti, jua hapo ni njia ya mto, hata kama wakala ameapa kwamba hapajawahi kufurika.