Majani Hulinda Chuma, Lakini Tindikali Bado ni Hatari

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe. Malori mengi hupita hapo kwenda Zambia. Penye magari pana mafundi, na penye mafundi pana betri. Maji ya betri ni tindikali.

Tindikali huyeyusha kutu. Lakini haichagui. Ikimaliza kutu, hula chuma chenyewe. Kwa hiyo viwandani hutia dawa ya kuzuia chuma kisilike. Baadhi ya dawa za zamani zilikuwa sumu kali, kama arseniki. Sumu hiyo ikimwagwa huharibu maji na kudhuru watu.

Sasa wataalamu wa nchi nyingi wanajaribu mimea. Wamejaribu majani ya mwarobaini, majani ya chai na machicha ya kahawa. Kahawa hulimwa Mbozi, katika mkoa huu huu.

Majani huchemshwa. Maji yake huchujwa, kisha hutiwa katika tindikali. Kipande cha chuma hupimwa uzito, hutumbukizwa humo, halafu hupimwa tena. Imeonekana kuwa chuma hicho hulika kidogo kuliko kilichowekwa katika tindikali tupu.

Kwa nini? Katika majani mna tanini. Ndiyo inayokausha ulimi unapokunywa chai kali. Tanini hujibandika juu ya chuma, kama mafuta juu ya ngozi. Tindikali haikifikii chuma kwa urahisi.

Je, majani huondoa ukali wa tindikali? Hapana. Tindikali hiyo bado huunguza ngozi na kupofusha macho. Tena, maji ya betri kuukuu yana madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto.

Basi tufanye hivi:

1. Usiondoe kutu kwa maji ya betri. Tumia msasa au brashi ya waya, na uvae miwani ya kazi.

2. Usiweke tindikali katika chupa ya soda. Mtoto atadhani ni kinywaji.

3. Usifungue betri kuukuu nyumbani, wala usimwage maji yake ardhini au karibu na kisima.

4. Tindikali ikikurukia, vua nguo iliyolowa. Jioshe papo hapo kwa maji mengi safi, dakika 20 au zaidi. Jicho nalo lioshe hivyo hivyo. Kisha nenda zahanati.

5. Aliyekunywa tindikali asitapishwe. Mpelekeni hospitali upesi.

Chuma kikilika, hununuliwa kingine. Jicho haliuzwi dukani.