Uvimbe ukiisha, rudi hospitali

Mimi si daktari. Nafundisha shule ya msingi huku Sengerema, na siku za kliniki ya watoto, mganga mfawidhi wa zahanati akiniruhusu, husimama mbele ya kina mama kabla mizani haijatundikwa nikazungumzia taya. Nawaambia wanawe mikono, wapitishe kidole kwenye fizi za watoto wao, nyuma kabisa kwenye magego. Gego linacheza na shavu limeanza kujaa upande mmoja? Usingoje wiki iishe.

Nayafanya haya kwa ajili ya rafiki yangu wa dawati moja. Simtaji, kwa kuwa wazazi wake wameniruhusu kusimulia habari, jina libaki kwao. Ilikuwa 1997, mwaka mmoja baada ya MV Bukoba kuzama. Tulikuwa darasa la pili, umri wa kung'oka meno, na kila jino lililotoka tulilirusha juu ya bati. Yeye akawa anatushinda wote, nasi tukamwonea wivu. Mtu mzima gani ashtuke? Meno ya utoto hutoka. Ila yake yalikuwa magego, ambayo kwa umri ule yalitakiwa yawe imara bado.

Shavu lilipovimba aling'olewa jino jingine. Uvimbe ukazidi, akapakwa dawa za majani. Jicho la upande ule lilipoanza kusukumwa nje ndipo baba yake akauza ng'ombe, wakavuka kwa kivuko cha Busisi kwenda Mwanza.

Ugonjwa wenyewe unaitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga za mwili. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, mzaliwa wa Ireland, akifanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye taya za namna hiyo, na mwaka uliofuata akaandika habari za uvimbe huo. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakazunguka Afrika Mashariki na kushuka kusini, safari ya maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali baada ya hospitali nani amewaona watoto wa aina hiyo. Jibu lilifuata ramani ya joto na mvua: nyanda za juu zenye baridi hawapo, kwenye mbu wa malaria wapo. Kanda yetu ya Ziwa imo. Mwaka 1964 huko London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo. Karibu watoto wetu wote hukipata kirusi hicho wakiwa wadogo, kwa njia ya mate, na wengi hakiwadhuru. Lakini malaria ya mara kwa mara huchosha kinga na kuzisukuma seli zake zigawanyike bila kupumzika, na katika kugawanyika huko moja ikiharibika huweza kuwa saratani.

Siku moja bibi mmoja alinikatiza. "Mwalimu, hilo si la kutupiwa?"

"Hapana, bibi. Wala haliambukizi. Wajukuu wengine wale naye sahani moja."

Alinitazama kwa mashaka, ila mjukuu alimpeleka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma kuliko yote. Uvimbe huu ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kubwa kabisa, kiasi kwamba unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyohiyo dawa huupata upesi. Rafiki yangu alitundikiwa dripu, na alipoletwa nyumbani shavu lilikuwa limelala kabisa. Alirudi shuleni hana nywele, anacheka, anacheza rede kama zamani. Kijiji kizima tulishukuru. Daktari alikuwa amewapangia tarehe ya kurudi, lakini ng'ombe alikuwa ameshaliwa na nauli, pamba ilikuwa shambani, na mtoto mwenyewe mzima, anakimbia! Nani angemvusha tena ziwa akatapishwe na dawa? Ugonjwa uliporudi ulianzia tumboni.

Simlaumu baba yake. Angefanya hivyo mzazi yeyote asiyeelezwa kwamba shavu kulala si kupona, kwamba dripu zinazofuata ni za kumaliza yaliyojificha.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Nchi tajiri huponya zaidi ya asilimia 80 yao. Katika nchi nyingi maskini hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo la kufikia angalau asilimia 60 duniani kote ifikapo 2030. Kila Septemba, mwezi wa saratani ya watoto, naalikwa kwenye matembezi ya fulana na utepe wa dhahabu. Huenda, maana ni heshima. Ila bei ya fulana moja naihesabu kwa nauli. Pale Muhimbili, shirika la Tumaini la Maisha husaidia matibabu ya watoto wenye saratani, na mzazi wa mbali huangaliwa hata malazi. Huko ndiko ningependa fedha za fulana zielekee.

Huku kwetu daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko, lakini basi bado lina nauli. Kwa hiyo kikundi chetu cha kuweka na kukopa kimetenga mfuko. Nauli ya kurudi hospitali hutolewa siku ileile mtoto anaporuhusiwa, na tarehe yake huandikwa kwenye daftari. Kasha lina kufuli tatu, na mmoja wa washika funguo ni mama wa rafiki yangu. Ndiye mkali kuliko sote: tarehe ikipita, jioni hiyohiyo yuko mlangoni kwa watu anauliza kulikoni.